Kihispania Nilichojifunza Kwenye Mashine ya Damu

Ulikuwa mwaka ule mayai yalipoadimika Teksasi, na sisi watu wa pwani tulioko huku tukala Idi bila keki. Watu walikaanga kaimati, wakachoma mikate ya ufuta, mama mmoja wa mji wa Carrollton akaleta visheti vigumu kama kokoto na bado vikasifiwa. Mimi sikutia kitu mdomoni. Kila nilichoonja kilikuwa na ladha ya msumari. Nilikaa pembeni, miguu nimeificha ndani ya dera kwa sababu ilikuwa imevimba, ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki pale pale kama kwenye unga uliokandwa.

Watu walipita wakinisalimu. "Bibi Mwanakombo, hujambo?" Nikajibu sijambo. "Mzima?" Mzima, alhamdulillahi.

Siku nne baadaye nilibebwa.

Naandika haya kwa ajili yako wewe ambaye figo zako zimekufa au ziko njiani kufa. Mimi nilisoma chuo cha Kurani Unguja na darasa nne za serikali, kwa hiyo usitazamie maneno ya kidaktari. Hayo utaambiwa na wenyewe. Mimi nitakwambia ya kukaa, ya kungoja, na ya watoto.

Kwanza nikwambie kosa langu. Kabla ya Idi ile nilikuwa nakwenda kliniki kila baada ya miezi miwili kwa ajili ya presha. Daktari ananiuliza kupitia mkalimani wa simu: mama anajisikiaje? Nami najibu nilivyolelewa, sijambo. Kwetu mtu hamwagi maradhi yake mlangoni. Unasema sijambo, mwenzio anauliza tena, unasema sijambo, ya tatu ndipo unavuta pumzi na kusema, "Ila hii miguu." Sasa yule mkalimani hakungoja ya tatu. Alikuwa kazini, simu zinamsubiri. Akapeleka kwamba mama ni mzima, daktari akapiga chapa, nikarudi nyumbani na miguu yangu. Mara tatu nilikwenda hivyo, na mara tatu nikawaambia niko salama. Binti yangu Asha akiniuliza, daktari kasemaje, namjibu kwamba daktari hana neno. Sikusema uongo. Daktari hakuwa na neno kwa sababu mimi sikumpa.

Kwa hiyo ukiingia kwa daktari, adabu yako iache kwenye gari.

Hospitali walinitia mrija shingoni na kuniunganisha na mashine ya kusafisha damu. Asha alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na nguo zake za kazi, maana anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, anawanyanyua, anawaogesha, anawageuza. Ana watoto wawili. Mdogo wakati ule alikuwa hajatimiza miaka minne. Mume wake alishakwenda zake, sitamtaja. Asha akasikiliza daktari mpaka mwisho, kisha akanishika mguu juu ya shuka akaniambia, "Mama, mimi nina mbili. Nitakupa moja."

Nikamwambia, "Sitaki figo ya mwanangu."

Alitabasamu. Akampigia kaka yake Haji aliyeko Hyuston, anaendesha lori, akamweka kwenye spika. "Mama anasema hataki." Haji akacheka kule barabarani. "Mama huyo? Mama ukimpa chai anasema hataki. Ukirudi unakuta kikombe kimekauka." Asha naye akacheka huku machozi yanamtoka. Sikuwalaumu. Nimewalea mimi. Niliwafundisha kwamba ukikaribishwa chakula unasema nimeshiba, ukibembelezwa unasema nimeshiba, ya tatu unanawa mikono. Sasa nilipokataa kweli, walikaa wanangojea ninawe mikono.

Kuanzia hapo ikawa Jumanne, Alhamisi, Jumamosi, zamu ya alfajiri, saa nne nzima kwenye kiti. Kiti changu kilikuwa cha sita kutoka mlangoni. Chumba kile baridi kama jokofu, watu wamejifunika mablanketi waliyotoka nayo majumbani, televisheni juu inasema peke yake. Unapimwa uzito ukiingia, unapimwa ukitoka, kama gunia la mchele bandarini. Baada ya miezi mitatu mrija wa shingoni ulitolewa, wakawa wameshaunganisha mishipa ya mkono wangu wa kushoto. Ukiuweka mkono ule sikioni, unanguruma. Mjukuu wangu mdogo alikuwa anaulalia anasema bibi ana paka ndani.

Ngozi ilinigeuka rangi, ikawa ya majivu. Nilijikuna mpaka nikatoka damu. Mkojo ukapungua, kisha ukanikimbia kabisa. Mwanamke mzima naingia msalani nakaa, natoka kama nilivyoingia. Maji naruhusiwa kikombe na nusu kwa siku. Ndizi hapana, nazi hapana, tende hapana, maharage hapana. Likaja joto la Julai, lile la Teksasi linalopika lami, na mimi nanyonya vipande vya barafu nikivihesabu. Nilimchukia kila mtu aliyekunywa maji mbele yangu. Mjukuu wangu wa kike akafungua chupa kwenye gari nikampiga kofi la mkono. Hajawahi kupigwa na mimi kabla. Aliniambia, "Bibi, why?"

Kiti cha saba alikaa Socorro.

Mwanamke wa makamo yangu, Mmeksiko, nywele kazitia rangi nyekundu, kucha kazipaka. Kiingereza hana. Mimi nacho ninacho cha dukani tu. Majuma ya mwanzo tulitazamana kama kuku wa mabanda mawili. Akiingizwa sindano ananikonyeza, nikiingizwa mimi namkonyeza.

Asha wakati ule alikuwa anasoma Kihispania, kwa sababu nusu ya wenzake kazini ni wasemaji wa lugha hiyo, na msimamizi alimwambia akiijua atapandishwa. Siku moja akasahau karatasi yake ya vitenzi ndani ya mfuko wangu wa blanketi. Nikaitoa nikiwa kitini, mkono mmoja kwenye mashine, mwingine umeshika karatasi. Juu imeandikwa *hablar*, kusema. Chini yake mistari sita: *hablo, hablas, habla, hablamos, habláis, hablan*.

Sikuelewa mara moja. Nikaisoma kwa sauti ndogo, mara ya pili, mara ya tatu, na mwili wangu ukaanza kuyumba wenyewe mbele na nyuma, kama tulivyokuwa tunayumba chuoni tukisoma juzuu. Miaka sitini na zaidi, na mgongo haujasahau. Nilipofika ya tano, Socorro akanyanyua mkono. Akachukua kalamu kwa fundi wa mashine, akanyoosha mkono wake usio na sindano, akaukata kwa kalamu mstari ule wa tano, akatikisa kichwa. Baadaye nilielewa: hayo ni ya Hispania kwenyewe, hapa hakuna anayeyasema. Ikabaki mitano.

Hapo ndipo akawa mwalimu wangu. Na nikwambie, alikuwa mkali kuliko mwalimu wa chuoni, ila hakuwa na bakora. Nilikwisha kuona siri ya lugha ile. Sisi mtu anatangulia: nasema, wasema, asema. Kwao mtu yuko mkiani. Ukishajua umtafute mkiani, humkosi. Nikapata *tener*, kuwa na kitu: *tengo, tienes, tiene*. Nikapata *vivir*, kuishi. Nikapata *querer*, kutaka: *quiero, quieres, quiere*. Nikikosea anafumba macho na kulegeza kichwa kama amekufa, mafundi wanakuja mbio, yeye anafumbua jicho moja. Siku moja wakamgombeza. Akaniambia kosa ni langu, kitenzi changu kimemuua.

"Unasema kama mtoto," aliniambia mara nyingine, polepole ili nielewe, "na unaamrisha kama jenerali."

Nikamjibu, *tengo hambre*. Nina njaa. Ndiyo sentensi niliyokuwa nayo tayari.

Usidhani ilikuwa furaha. Tulikuwa wanawake wawili tunaotolewa damu na kurudishiwa. Lakini saa nne zilipungua zikawa kama mbili na nusu, na ukiwa kwenye kiti kile, saa moja na nusu si kitu kidogo.

Majani yalipoanza kuanguka, siku moja ya Alhamisi, nikaona televisheni inakwenda mbali. Masikio yakaziba. Jasho likanitoka kwenye baridi ile. Fundi akapita, kijana anayesema Kihispania, akauliza kama anavyouliza kila mtu, *¿todo bien?* Yote sawa? Kama angeniuliza kwa Kiswahili, wallahi ningemjibu sijambo. Ningekufa na sijambo mdomoni. Lakini kwa Kihispania sikulelewa na mtu. Hakuna mama aliyenifinya paja kwa lugha ile, hakuna shangazi aliyenikata jicho. Nilikuwa nayo maneno matupu, hayana adabu ndani yake. Nikasema, "No. Estoy mal." Hapana, mimi mgonjwa.

Alikilaza kiti mara moja, miguu yangu juu, akapunguza mashine, akaita nesi. Presha ilikuwa imeshuka mpaka mahali ambapo watu hawarudi. Nilipozinduka Socorro ananitazama, kucha zake zimeng'ang'ania blanketi. Akaniambia kitenzi nimekisema sawasawa.

Huku nyumbani Asha alikuwa anapimwa. Alianza bila kuniambia. Damu, mkojo, picha za tumbo. Mambo yote yakaendeshwa na hospitali moja ya Hyuston, maana Haji alisema tutafikia kwake na atatuhudumia. Siku ilipokuja simu kwamba damu zetu zimekubaliana, Asha alipika pilau. Mimi nikala vijiko viwili.

"Mama, tumefanana mpaka ndani," aliniambia.

"Sitaki figo ya mwanangu."

"Haya mama. Ongeza mchuzi."

Jumamosi ya pili yake nikamweleza Socorro, kwa vitenzi vyangu vitano vitano. *Mi hija quiere.* Binti yangu anataka. *Yo no quiero.* Mimi sitaki. Nikategemea anicheke, au anibembeleze kama wengine wote.

Akaondoa blanketi, akavuta blauzi juu kidogo, akanionyesha kovu chini ya tumbo upande wa kulia, limepinda kama mundu. Aliujua uwezo wangu. Alijua kwamba mimi nina vitenzi vya leo tu, vya jana sijafundishwa. Kwa hiyo akanisimulia mambo ya zamani yote kana kwamba yanatokea pale tulipokaa. Mwanangu ananipa figo yake, alisema. Mimi naishi. Miaka miwili naishi, nakula, nakunywa maji. Kisha figo haiishi. Akaweka kiganja juu ya kovu. *Aquí está.* Iko hapa. Hawaitoi. Mwanangu ananitazama mezani, hanitazami usoni, anatazama hapa.

"Ana hasira?" nikamuuliza kwa ishara.

Hapana, alisema. Ana huzuni. Hasira ningeiweza.

Fundi alikuja kumtoa sindano.

Februari ikaleta barafu, barabara zikafungwa siku mbili, sote tukachelewa kusafishwa. Mimi nilikaa wima kwenye kiti cha sebuleni napumua kwa vipande, mapafu yamejaa maji, Asha anachungulia dirishani kama barafu itamsikiliza. Tulipofika kituoni kiti cha saba kilikuwa kitupu. Jumanne kitupu. Alhamisi akakaa mwanamume mwenye kofia. Nikamuuliza nesi, *¿Socorro?* Akasema haruhusiwi kuniambia habari za mgonjwa mwingine, lakini aligeuza uso haraka, na mimi si mtoto. Kwenye chumba kile watu hawakwambii kitu. Viti ndivyo vinavyokwambia. Nilimsomea Fatiha, Mkristo yule, na Mungu ndiye ajuaye pa kuipeleka.

Sasa nikupe mambo ya kushika, kabla sijaingia kwenye la Hyuston, maana baada ya hilo sitakuwa na moyo wa kuendelea. Chukua soksi nzito na blanketi lako mwenyewe. Vipande vya zabibu vilivyogandishwa vinakata kiu kuliko barafu. Uliza kwanza kama unaruhusiwa. Ukitaka kulia, lia saa ya kwanza, saa ya nne una mwili wa kitambaa. Usimpige mtoto kofi kwa ajili ya maji. Na ukimpata jirani wa kiti, jifunze chochote kutoka kwake, hata kama ni kucheza karata. Mimi sasa niko mwaka wa pili na mashine. Yaliyokuwa mabaya kabisa yamepita, yaliyobaki ni mabaya ya kawaida. Jikoni nasimama. Mjukuu wangu wa kike ameanza Kihispania shuleni na mimi ndiye ninayemshikia karatasi, namkatia mstari wa tano.

Na jingine niliseme wazi, asije mtu akanitia maneno mdomoni. Kama umepewa figo na mwanao ukaipokea, umefanya vyema, na Mungu akuwekee. Wako wengi wanaishi nayo miaka mingi na mtoaji naye mzima. Daktari wako akikushauri, msikilize yeye, usinisikilize mimi. Mimi nasema la kwangu.

Tulikwenda Hyuston mwezi wa Aprili, saa nne za barabara, kambi za malori kulia na kushoto. Haji alitupokea kwa samaki ambaye mimi siruhusiwi. Asubuhi tukaenda hospitali, chumba cha kungojea kikubwa kama uwanja wa ndege, samaki wa mapambo ndani ya kioo, na sisi watatu tumevaa kama watu wa harusi. Asha alikuwa ameshaomba siku zake za likizo. Alikuwa anazungumza na mama mmoja kazini juu ya kumlelea watoto majuma sita. Alikuwa amenunua na gauni la kulalia la hospitali, jipya, la maua.

Nesi aliyetuita alikuwa mama wa makamo, kadi yake kifuani. Akapiga simu ya mkalimani. Simu ikakatika. Akapiga tena, akaja mtu ambaye Kiswahili chake cha kwingine kabisa, yeye hanielewi na mimi simwelewi, nayo ikakatika. Haji akasema, usijali, mimi ni mwanawe, nitasema mimi. Nesi akasita. Akasema basi kwa maswali ya mwanzo tu, huku akitafuta mwingine. Akaniangalia mimi, akauliza, na Haji akageuza: "Mama, anauliza umekubali kupokea figo ya Asha?"

"Mwambie sitaki figo ya mwanangu."

Haji akamgeukia nesi, akasema maneno mengi mazuri. Kiingereza changu ni kidogo, lakini *yes* naijua. *Thank you* naijua. *Ready* naijua. Asha alikuwa ananishika mkono wenye paka.

Hakuwa anadanganya, mwanangu Haji. Alikuwa anatafsiri mama anayemjua, yule wa kikombe cha chai.

Nesi akapokea simu ndogo mfukoni, akamjibu mtu kwa Kihispania, akaikata. Nikamsikia. Nikamwita, *señora*. Wote watatu wakageuka.

Nikasema, "No quiero el riñón de mi hija."

Sitaki figo ya binti yangu. Kila neno nililiweka mahali pake, mtu mkiani.

Asha aliuachia mkono wangu. Yeye ndiye aliyekuwa anasoma lugha ile, karatasi ilikuwa yake. Haji akauliza kwa Kiswahili, kasema nini, kasema nini, na Asha hakumjibu. Nesi akaweka kalamu chini, akavuta kiti mpaka magoti yetu yakakaribiana, akaniuliza polepole kama nina uhakika. Nikamwambia ninao. Akaniuliza kama kuna mtu ananitisha. Nikamwambia hapana, kuna mtu ananipenda. Akafunga faili. Akasema hakuna atakayelazimishwa kitu ndani ya jengo lile, na akatuacha peke yetu.

Asha alisimama karibu na mlango, mfuko wa gauni lake jipya mkononi.

"Mama, hiyo lugha umejifunza juzi. Huwezi kuwa umekusudia."

Nikamwashiria kiti akae. Hakukaa.

"Nina wazee kazini watoto wao hawaji hata kuwatazama. Mimi nakupa mwili wangu, wewe unanikataa mbele ya mgeni, kwa lugha ya watu. Kosa langu nini?"

"Huna kosa."

"Basi niambie kwa Kiswahili. Niambie mimi, unitazame."

Nilimtazama. Alikuwa na macho yale yale aliyotoka nayo tumboni, makubwa, yanayosubiri.

"Sitaki figo ya mwanangu."

Haji akashika kichwa. Asha hakusogea. Alikuwa ananisubiri bado, namjua, anasubiri ya pili nilegeze, ya tatu ninawe mikono. Akasema taratibu, kama mtu anayembembeleza mgeni mezani, "Mama, tafadhali."

"Sitaki figo ya mwanangu."